Mhuri wa Ardith Vodicka na Saini Mbili za Mumewe

Katika mji mdogo wa Zabor, wilaya ya Haskell, jimbo la Nebraska, maneno "si unanijua?" hayamsaidii mtu yeyote mbele ya meza ya Ardith Vodicka.

"Nakujua vizuri sana," huwa anajibu, miwani ikiwa imemshukia puani. "Mhuri ndio haukujui. Kitambulisho."

Ardith si wakili na hajawahi kukanyaga chuo cha sheria. Jimbo lilimpa mhuri tu, ili ashuhudie watu wanaposaini hati zao na awaapishe wanapotakiwa kuapa. Wosia, hati za magari, talaka, karatasi za kumlea mtoto wa ndugu, zote zimepita mkononi mwake kwa miaka thelathini na moja. Meza yake iko nyuma ya duka la mumewe Delmar, ambaye anatengeneza cherehani na mashine za kufyonza vumbi. Basi mtu anaapa mbele ya Mungu huku mgongoni kwake mashine inanguruma kama ng'ombe mwenye kikohozi.

Mwaka mmoja mchungaji wake mwenyewe alikuja na hati ya gari, kitambulisho amekiacha kwenye suruali nyingine. Januari hiyo theluji ilikuwa magotini. Ardith akamrudisha nyumbani. Jumapili yake mchungaji alihubiri juu ya huruma, macho ameyakodolea benchi la tatu, na Ardith akaitikia amina kwa sauti kuliko kanisa zima.

Ndivyo alivyokuwa. Watu walimsema, lakini wakiwa na jambo zito walikwenda kwake, kwa sababu pia hakuwa na mdomo. Alilolisikia mezani lilibaki mezani. Alikuwa na daftari alimoandika jina la kila aliyekuja, tarehe na aina ya hati. Sheria haikumlazimisha kuwa nalo. Alianza mwenyewe siku ya kwanza ya kazi, na likijaa alinunua jingine. Mpaka mwaka huu ninaousimulia yalikuwa yamefika kumi na tisa, yamepangwa ndani ya sanduku chini ya rafu ya sindano.

Mwaka huo Nebraska nzima ilikuwa na fomu mbili zinazozungushwa kutafutiwa saini, na zote zilihusu utoaji mimba. Sheria ya jimbo wakati ule ilikuwa tayari inaukataza baada ya wiki kumi na mbili, isipokuwa kwa sababu chache. Fomu ya kwanza ilitaka katiba ya jimbo impe mwanamke haki ya kuamua mpaka pale mtoto anapoweza kuishi nje ya tumbo. Ya pili ilitaka zile wiki kumi na mbili ziingizwe kwenye katiba yenyewe, zikae humo. Fomu ikipata saini za kutosha inafika kwenye karatasi ya kura mwezi Novemba. Na saini hazitoshi zikitoka miji mikubwa tu. Lazima wilaya thelathini na nane zichangie, kila moja kwa kiwango chake, na ndiyo maana hata Haskell, yenye ng'ombe wengi kuliko wapiga kura, ikawa inabembelezwa kama mwali.

Fomu ya kwanza ilizungushwa Zabor na Marlys Tuma, nesi mstaafu, mwanamke mrefu mwenye ulimi wa wembe. Ya pili ilizungushwa na Gaylen Brandt, mfugaji wa nguruwe aliyewaachia watoto kazi, shemasi wa kanisa, mtu wa sauti ya taratibu anayevua kofia hata akipiga simu. Wote wawili ilibidi, kila karatasi ikijaa, waape mbele ya mwenye mhuri kwamba wameshuhudia kila saini kwa macho yao. Mwenye mhuri mjini ni mmoja. Basi kila Ijumaa asubuhi walikutana dukani kwa Delmar, wamekaa kwenye viti viwili vya chuma kama watu wanaosubiri kung'olewa meno.

"Umepata ngapi wiki hii, Gaylen?" Marlys alikuwa anaanza.

"Za kutosha, Marlys."

"Wote wazima, au wengine umewachukulia makaburini?"

"Makaburini nilipita," Gaylen alijibu siku moja, kofia magotini. "Nikakuta umeshawamaliza."

Delmar alicheka mpaka bisibisi ikamwanguka. Ardith hakucheka. Aliwaita mmoja mmoja, akawaangalia vitambulisho vyao kana kwamba anawaona kwa mara ya kwanza, akawaapisha, akapiga mhuri, akaandika kwenye daftari. Alifanya vivyo hivyo kila Ijumaa.

Jambo lililowatesa wote wawili ni kwamba hawakujua Ardith yuko upande gani. Marlys alikuwa na hakika ni wa kwake, maana Ardith ni mwanamke aliyefanya kazi maisha yake yote na hapendi kuamrishwa. Gaylen naye alikuwa na hakika ni wa kwake, maana wamekaa benchi moja kanisani tangu utotoni. Kila mmoja alimletea kolachi, vile vimkate vya jamu ya tunda katikati. Za Marlys zilikuwa za aprikoti, za Gaylen, alizooka mkewe, zilikuwa za zile mbegu ndogo nyeusi za mpopi. Ardith hakuzigusa. Delmar alizigusa zote.

"Wewe Delmar," Marlys akasema, "mwambie mkeo asaini fomu yangu."

"Mimi huyo mwanamke sijawahi kumwambia kitu akafanya," Delmar akajibu, jamu kidevuni. "Hata kuolewa alijiamulia."

Ardith aliwaeleza wazi kwamba hatasaini ya yeyote, kwa sababu mwenye mhuri hatakiwi kuwa na lake katika karatasi anayoishuhudia. Alilisema mara moja na hakulirudia. Kosa lake ni kwamba hakumwambia Delmar naye asisaini.

Delmar Vodicka ni mtu mwema ambaye hajawahi kumnyima mtu kitu kilichoombwa kwa adabu. Mwezi Aprili, baada ya ibada, Gaylen alimshika bega nje ya kanisa akamwambia habari za watoto wachanga wanaohitaji wa kuwasemea. Delmar akaona ni kweli, watoto wachanga wasemewe, akasaini mstari wa kumi na mbili. Mwezi Juni, kwenye sherehe ya mji, Marlys alimkalisha kivulini, akampa bia baridi, akamwambia habari za wanawake aliowahudumia hospitali miaka arobaini, na jinsi serikali isivyokuwa na kazi chumbani kwa mgonjwa. Delmar akaona ni kweli, serikali haina kazi chumbani kwa mgonjwa, akasaini mstari wa saba.

Siri ilidumu mpaka Julai, wakati karatasi zimeshawasilishwa na majina yakawa yanakaguliwa. Marlys ndiye aliyepita na orodha.

"Ardith!" aliita tangu mlangoni. "Mumeo yuko kwa Gaylen! Na kwangu alisaini!"

"Haiwezekani," Gaylen akasema. Naye alikuwa dukani kuchukua mashine ya mkewe. "Delmar alisaini ya kwetu. Kwanini akae kwenu?"

Wakatazamana. Kisha wote watatu wakageuka kumtazama Delmar, aliyekuwa ameinamia cherehani kana kwamba anataka kuingia ndani yake.

"Delmar," Ardith akasema polepole. "Umesaini ipi?"

"Kwani ilikuwa lazima nichague?"

Siku hiyo Delmar alikula mkate mkavu. Ardith hakupiga kelele. Aliosha vyombo vilivyokuwa safi, akavipanga, akavitoa, akaviosha tena, na Delmar angependelea kelele. Mwisho akasema kwa unyonge, "Wote wawili walisema maneno mazuri, mke wangu. Ningemwambia nani hapana?"

"Yeyote kati yao, Delmar. Yeyote tu!"

Marlys alimtaka afute saini ya kwa Gaylen, naye Gaylen alimtaka afute ya kwa Marlys. Kufuta kunahitaji kiapo mbele ya mwenye mhuri, na Ardith hawezi kumpigia mhuri mumewe. Basi Delmar, aliyewakubalia wote wawili, aliendesha gari maili arobaini mpaka mji wa jirani, ambako mwenye mhuri alikuwa kijana wa benki, mpole kama nini, aliyemwomba kitambulisho. Kitambulisho kilikuwa Zabor, kwenye suruali nyingine. Kufika nyumbani benki imeshafunga, na kesho yake muda wa kufuta ulikuwa umekwisha. Zikabaki saini mbili.

Ingekuwa kichekesho cha mji tu kama si mawakili.

Fomu zote mbili zilikuwa zimevuka, lakini kwa unywele. Ukiitoa Haskell, kila moja inabaki na wilaya thelathini na saba. Mawakili wa upande wa Gaylen wakafungua kesi mji mkuu wa jimbo, Lincoln, wakidai karatasi za Marlys za Haskell ni batili kwa sababu mwenye mhuri alikuwa na maslahi, mumewe akiwa mmoja wa waliosaini. Siku tatu baadaye mawakili wa upande wa Marlys wakafungua kesi yao, wakidai karatasi za Gaylen za Haskell ni batili kwa sababu hiyo hiyo, karibu neno kwa neno. Ardith akapokea samansi mbili kwa posta moja. Alizisoma mara tatu. Zote zilimtaka afike kutoa ushahidi, na zote zilimtaka aje na madaftari yake, yote kumi na tisa, ili mahakama ione kama ana mazoea ya kupiga mhuri penye maslahi.

"Si uwapelekee tu?" Delmar alisema. "Umeandika kwa mwandiko mzuri."

Ardith alikuwa amekaa sakafuni kando ya sanduku, mikono mapajani. "Ndani yake mna watu, Delmar."

Delmar, ambaye ana akili zake, akarudi kwenye cherehani yake.

Jimboni kwao, binti aliye chini ya miaka kumi na minane akitaka kutoa mimba, mzazi lazima asaini ridhaa mbele ya mwenye mhuri. Tangu sheria hiyo iwekwe, watu wa namna hiyo walikuja kwenye meza ile mara tatu. Ardith alizijua kurasa zao bila kufungua.

Mara ya kwanza alikuja mama kutoka wilaya ya mbali, ameendesha saa mbili ili asionwe na mtu anayemjua. Binti alivaa koti la bendi ya shule lenye kipini cha tarumbeta. Ardith aliomba kitambulisho kwa sauti ile ile anayowaombea wauza magari, maana aliona sauti yoyote nyingine ingekuwa kumwingilia.

"Unasaini kwa hiari yako?"

"Hakuna aliyenilazimisha," mama akasema. Kisha akaongeza, "Wala hakuna aliyenisaidia."

Binti alikuwa anatazama cherehani dirishani. Akauliza kama ile ya kijani inaweza kushona ngozi. Delmar, ambaye hakujua lolote, akatoka nyuma na kopo la sindano, akaeleza habari za ngozi robo saa nzima, akajidunga kidole, binti akacheka. Walipoondoka Delmar alisema, "Binti mwerevu yule. Walileta nini?"

"Karatasi," Ardith akajibu.

Mara ya pili alikuwa baba na binti yake; baba aliikandamiza kalamu mpaka ikavunjika katikati ya jina lake, na Ardith akamtafutia nene. Mara ya tatu mama alipigiwa mhuri, akatoka, akakaa na binti yake ndani ya gari saa nzima injini inaunguruma, kisha akarudi peke yake akaomba pipa la taka. Ardith akamsogezea. Mama akaichana ile karatasi vipande vidogo vidogo, akashukuru, akaenda zake. Majina yao yote yalikuwa mle, kwa mwandiko mzuri.

Siku ya kesi, mwezi Septemba, Ardith alivaa gauni la bluu alilovaa arusini kwa mtoto wao. Garini aliweka daftari moja tu, la mwaka huo. Delmar aliliona, akatia gari gia. Lincoln ilikuwa imejaa watu wenye mabango ya pande zote mbili, wakipiga kelele kwa zamu kama timu za mpira. Mwanamke mmoja alimpa Ardith kijikaratasi akamwita shujaa. Hatua tano mbele mwanamume akampa kijikaratasi kingine, naye akamwita shujaa. Akavitia vyote kwenye mkoba.

Jaji Wilmoth alikuwa mzee mwenye nyusi kama brashi za viatu, aliyeamua kuzisikiliza kesi zote mbili siku moja. Kabla ya mashahidi akawatazama mawakili. "Nikikubali hoja yako, Bwana Haight, karatasi za upande mwingine zinaanguka. Na nikikubali ya Bi Lindgren, zako zinaanguka. Ni hoja moja. Mnalielewa hilo?"

Wakili Haight, wa upande wa Gaylen, akasema kesi yake ina tofauti muhimu. Wakili Lindgren, wa upande wa Marlys, akasema yake ndiyo yenye tofauti muhimu. Jaji akaandika kitu, labda orodha ya mboga za kununua.

Wa kwanza kizimbani alikuwa Delmar.

"Hii ni saini yako?" Haight akauliza.

"Ndiyo."

"Na hii?" Lindgren naye akamwonyesha nyingine.

"Ndiyo. Hiyo nzuri zaidi, nilikuwa nimekaa."

"Bwana Vodicka, uliisoma fomu kabla ya kusaini?"

"Miwani yangu wakati huo ilikuwa imepotea. Tuliikuta baadaye ndani ya mashine ya Bi Kucera."

"Mkeo alikushawishi usaini?"

Delmar akamtazama wakili kwa huruma. "Bwana, mke wangu angejua, nisingekuwa hapa. Ningekuwa kaburini."

Ukumbi ukalipuka. Jaji akajifunika mdomo kwa faili. Lakini Lindgren hakucheka, akasogea karibu. "Kwa hiyo kwa kweli unaunga mkono upande upi?"

Delmar akautazama ukumbi. "Mama yule," akasema, akimwonyesha Marlys kwenye viti, "amemshika mkono dada yangu usiku anakufa. Na yule mzee amenipa kazi mwaka ambao sikuwa na kitu. Wote wananiambia jambo wanaloliamini mpaka wanalia. Mimi natengeneza cherehani. Sikujua nifanyeje, nikasaini."

Akaitwa Ardith. Karani akamnyooshea mkono amwapishe. Ardith akabaki amesimama.

"Kuna tatizo?" jaji akauliza.

"Hajaniomba kitambulisho, mheshimiwa."

"Bi Vodicka, tunakujua wewe ni nani."

"Mnajua mtu aliyesema anaitwa Vodicka," Ardith akasema, na akakitoa mkobani. Karani, masikio yamemwiva kwa aibu, akakisoma. Ardith akainua mkono. Miaka thelathini na moja amewaapisha wengine, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuapa mwenyewe.

Alieleza kila kitu bila kupamba. Hakujua Delmar amesaini. Angejua, angewatuma Marlys na Gaylen maili arobaini. Mwenye mhuri hashuhudii hoja ya karatasi, anashuhudia mtu na kiapo chake tu. Kisha Haight akafika kwenye madaftari.

"Samansi ilisema yote. Naona moja."

"Naona moja pia," Ardith akasema. "Mengine nimeyaacha nyumbani."

"Kwa kusahau?"

"Hapana. Kwa makusudi."

Minong'ono ikatanda. Haight akamgeukia jaji, akaomba shahidi huyu aamriwe. Lindgren akasimama na kusema upande wake pia unayataka. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo mawakili hao kukubaliana.

"Bi Vodicka," jaji akasema, "una sababu?"

"Ninayo." Ardith akaliweka lile daftari moja mbele yake. "Watu walioandikwa mle hawakunichagua. Sheria ndiyo iliyowaambia waje mbele ya mtu wa mhuri. Walikuja na wosia zao, na talaka zao, na ridhaa za kila aina, nyingine za watoto wao, mambo ambayo wangetamani asijue hata paka. Wakanipa jina kwa sababu niliwaomba. Leo kila mtu nje ya jengo hili anataka kujua nani alifanya nini. Nikiyaleta hapa, kesho majina yao yatasomwa. Daftari la mwaka huu nimelileta, kwa sababu ndilo lenye karatasi zenu. Yaliyobaki siyaleti."

"Na nikikuamuru?"

"Basi itabidi nirudi nyumbani kuchukua mswaki, mheshimiwa, nijue ninalala wapi. Na Delmar itabidi ajifunze kupika."

"Mungu wangu," Delmar akasema kutoka nyuma, kwa sauti ambayo haikuwa ya utani.

Safari hii jaji hakucheka. Aligeuza kalamu vidoleni. Na hapo kikasikika kiti kinaburuzwa. Gaylen Brandt alikuwa amesimama, kofia kifuani, amemvuta wakili wake mkono wa koti.

"Achana nayo, kijana," alisema. Alidhani ananong'ona, lakini mtu aliyewaita nguruwe miaka hamsini hajui kunong'ona. "Mle mna wosia wangu wa kwanza. Ule niliomnyima mwanangu Rodney trekta. Rodney yuko safu ya nne."

Marlys naye akamwinamia Lindgren. "Mimi nina talaka mbili mle ndani. Ya pili ina maneno."

Inawezekana sababu ilikuwa trekta na talaka tu. Lakini Ardith, akiwa kizimbani, alimwona Gaylen anamtazama moja kwa moja, macho ya mtu aliyelisikia vizuri lile neno "ridhaa" na kuelewa lilikuwa linawakinga akina nani. Marlys pia alikuwa amelisikia. Amekuwa nesi miaka arobaini, asingeweza kutolisikia.

Mawakili wakanong'onezana na watu wao, wakarudi, wakasema daftari la mwaka huu linatosha. Jaji akasema naye ameona hivyo hivyo. Ardith alishuka kizimbani akakaa kando ya Delmar, akamshika kidole gumba akakibana mpaka kikawa cheupe.

Hukumu ikatoka baada ya siku nne. Mwenye mhuri, jaji aliandika, hawi na maslahi kwa sababu ya ujinga wa mwenzi wake. Karatasi za Haskell zikasimama, za pande zote mbili. Saini za Delmar nazo akazihesabu, kwa kuwa sheria haimkatazi mtu kuwa na maoni mawili. Delmar alitaka kuikata hukumu ile kutoka gazetini aiweke ukutani, lakini Ardith alimkumbusha neno "ujinga", akaacha.

Novemba watu wakapiga kura. Fomu ya Gaylen ikapita. Ya Marlys ikashindwa, si kwa mbali. Ardith alipiga kura yake saa mbili asubuhi, akarudi dukani, na mpaka leo hakuna mtu Zabor anayejua aliweka alama wapi. Delmar alikaa kwenye kile kibanda cha kura dakika ishirini. Wasimamizi wakadhani amezimia.

Marlys hakuonekana wiki mbili. Yeye na Gaylen walikuwa wameendelea kuja Ijumaa kwa mazoea hata fomu zilipokwisha; sasa Ijumaa zikawa kimya, viti vya chuma vimekaa vitupu, na Ardith alijikuta anatazama mlango. Jumamosi ya tatu alivaa koti akaenda mwenyewe, akagonga. Marlys alifungua akiwa na vazi la kulalia saa sita mchana.

"Umekuja na mhuri?"

"Nimekuja na njaa," Ardith akasema. "Shuleni leo wanauza chakula cha kuchangia bendi. Vaa."

"Sitaki kuonana na watu."

"Hakuna watu. Ni Zabor."

Marlys akavuta makamasi, akaenda kuvaa. Bwalo la shule lilikuwa limejaa mvuke wa ile supu nzito ya nyama na maharage, na kando yake mikate mitamu ya mdalasini, kama wanavyokula huko tangu wakiwa darasa la kwanza. Walipofika mbele ya foleni, aliyesimama nyuma ya sufuria na aproni yenye picha ya nguruwe alikuwa Gaylen. Delmar alikuwa kando yake, anagawa mikate na kula kila wa tano.

Gaylen akavua kofia. Mkononi alikuwa na upawa, kwa hiyo kofia ikakaribia kuingia kwenye supu.

"Marlys," akasema. "Sikukuona siku nyingi."

"Nilikuwa nakuonea aibu, kwa vile ulivyoshinda kwa ubaya."

"Mawakili wenu wanasema watarudi mahakamani."

"Wa kwenu pia watakuwepo, usijali, hawakosi shughuli." Akanyoosha bakuli. "Jaza. Usinipunje."

Gaylen akajaza mpaka ukingoni, akachagua mkate mkubwa kuliko yote sinia nzima, uliokuwa karibu na mkono wa Delmar, akauweka juu ya sahani ya Marlys. "Nikuongezee pilipili?"

"Ongeza," Marlys akasema. "Umenitia pilipili tangu Machi, nimeshazoea."

Ardith akachukua bakuli lake, wakatafuta nafasi karibu na dirisha, wakala.